Vyumba Viwili vya Mji Mkongwe

Tangazo la kuuza fleti ya vyumba viwili katika Mji Mkongwe wa Unguja aghalabu hutanguliza neno moja: historia. Mnunuzi huambiwa kuwa atalala baina ya kuta za karne ya 19, na bei hupanda kwa ajili ya neno hilo. Basi ni haki tuulize historia hiyo ni ya nani, na ni nani mwenye kauli inapouzwa.

Tuanze na chumba chenyewe. Vyumba vya mji ule ni virefu na vyembamba, wala sababu yake si urembo. Dari hubebwa na boriti za mikoko, nazo hazifiki mbali: kutoka ukuta hata ukuta kwa kawaida hazitimizi mita 3. Juu yake hupangwa mawe, kisha hushindiliwa chokaa. Urefu wa mti wa pwani ndio uliomwamuru fundi.

Fedha iliyoinua kuta hizo ilitoka kwenye karafuu na kwenye biashara ya bara, yaani pembe za ndovu na, tusifiche, watu waliouzwa. Njia moja ya biashara hiyo ilipita Unyanyembe ikapanda kaskazini hadi Karagwe, magharibi ya Ziwa Viktoria. Huko, karibu na Bweranyange, makao ya Mukama Rumanyika, wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao, Kafuro. Speke aliwakuta huko mwaka 1861. Stanley alipofika mwaka 1876 alipokewa na Hamed bin Ibrahim, Mwarabu aliyekwisha kuishi Karagwe miaka mingi. Matangazo ya nyumba hayaitaji Kafuro hata mara moja, ingawa bila ya vituo vya namna ile Shangani isingekuwa na ghorofa nyingi za kusifiwa.

Na Karagwe kwenyewe wana kauli yao juu ya kuuza makao. Kituntu, kata mojawapo ya wilaya hiyo, makao ya mtu ni kibanja: nyumba iliyozungukwa na migomba na mibuni, na mara nyingi makaburi ya wazee yamo humo humo. Kibanja cha ukoo hakiuzwi kimya kimya. Kwa Wahaya, jirani na ndugu za Wanyambo wa Karagwe, jambo hilo lilifika mahakamani. Mwanamke mmoja wa Muleba aliuza ardhi aliyorithi kwa baba yake kwa shilingi 300,000, mpwa wake akapinga kwamba mila haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu alihukumu kuwa mwanamke ana haki ya kuuza sawa na mwanamume. Lakini hakuufuta ukoo: aliwaachia nafasi ya kuikomboa ardhi kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake ndani ya miezi 6. Kwangu mimi hukumu ile ina busara mbili, na ya pili husahauliwa.

Pwani nasi tulikuwa na shufaa, haki ya mshirika katika mali kutangulizwa mbele ya mgeni, tukawa na wakfu ambao hauuziki kabisa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na jumba la ukoo mmoja likagawiwa familia nyingi, chumba kwa chumba. Kwa hiyo kukatwa kwa nyumba za Mji Mkongwe si jambo la jana. Lililo jipya ni kwamba, tangu sheria ya kondominiamu ya 2010, kipande kinaweza kuwa na hati yake. Mwenye hati ana vyumba vyake viwili, na pamoja na wenziwe ana sehemu katika ngazi, kuta na paa.

Hapa ndipo penye shida. Mji uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Mamlaka ya kuuhifadhi ipo tangu 1985. Hata hivyo tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la 1883, iliporomoka na kuua watu wawili, tena wakati wa matengenezo. Ikiwa jumba la serikali limefikwa na hayo, itakuwaje nyumba yenye wenyewe wanane, watatu wakiwa ng'ambo? Mmoja hutia saruji upande wake, na saruji hufungia unyevu ambao chokaa ingeutoa. Bomba la msalani huvuja ghorofa ya pili. Boriti huanza kuoza pale kichwa chake kinapoingia ukutani, mahali ambapo mnunuzi haoneshwi, na aliye chini hupata habari chokaa inapomdondokea kitandani.