Vladimír Weiss: Kiungo wa Slovakia Aliyegeuka Kocha na Kuangusha Italia Pale Ellis Park

Kuna familia zenye kijana anarithi shamba, zingine anarithi duka ama matatu. Kwa familia ya kina Weiss pale Bratislava, mji mkuu wa Slovakia, unarithi vitu viwili tu: jina na mpira. Guka anaitwa Vladimír Weiss. Buda anaitwa Vladimír Weiss. Kijana pia, guess nini, Vladimír Weiss. Wote watatu wamechezea timu ya taifa.

Leo tunabonga kuhusu huyo wa katikati. Kama ulicheki Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, ushamwona. Ni ule mzee alikuwa anaruka ruka kando ya uwanja siku Italia ilipakiwa virago mapema.

Alizaliwa mwezi buda akienda Tokyo

Weiss alizaliwa tarehe 22 Septemba 1964 Bratislava. Wakati huo nchi ilikuwa Czechoslovakia, Wacheki na Waslovakia bado wakiishi chini ya paa moja. Buda yake alikuwa beki, na mwezi uliofuata alikuwa Tokyo kwa Olimpiki. Timu ikafika fainali dhidi ya Hungary, ikalimwa 2-1. Bao la kwanza la Hungary lilikuwa la kujifunga, na aliyejifunga ni huyo huyo buda. Alirudi nyumbani na medali ya fedha shingoni na mtoto wa mwezi mmoja akimngoja.

So huyu kijana alikulia kwa nyumba yenye medali na bao la kujifunga ziko kwa stori moja. Mpira unakupa na mkono mmoja, unakunyang'anya na ule mwingine. Weka hiyo akilini, itarudi.

Maisha ya kiungo

Yeye hakucheza beki kama mzee. Alikuwa kiungo. Alianzia Inter Bratislava, akapitia Sparta Prague, na akachezea pia Dunajská Streda na Košice kabla ya kumalizia Petržalka, timu ya mtaa wa maghorofa ulio ng'ambo ya mto Danube, hapo hapo Bratislava.

Mwaka wa 1990 alikuwa kwa kikosi cha Czechoslovakia kilichoenda Kombe la Dunia Italia. Wenyeji waliwachapa 2-0 kwa makundi, ile mechi Roberto Baggio alifunga bao moja kali sana. Hata hivyo Czechoslovakia ilisonga hadi robo fainali, ikatolewa na Ujerumani Magharibi 1-0.

Mwanzo wa 1993 nchi iligawanyika mara mbili, kwa amani. Weiss akawa mmoja wa wale wasee wachache waliovaa jezi ya Czechoslovakia, halafu ya Slovakia.

Celtic walikula tano

Ukocha aliuanzia pale pale alipomalizia kucheza, Petržalka. Timu sasa ilikuwa inaitwa Artmedia, na msimu wa 2004/05 akaipatia ubingwa wa Slovakia. Hiyo ilimaanisha mchujo wa Champions League, kuanzia raundi ya kwanza kabisa, kule chini kwenye watu hata hawacheki.

Raundi ya pili wakapatana na Celtic. Julai 2005, Bratislava: Artmedia 5, Celtic 0. Juraj Halenár alipiga hat-trick. Ilikuwa mechi ya kwanza ya ushindani ya Gordon Strachan kama kocha wa Celtic, manze hebu fikiria hiyo ndio siku yako ya kwanza kazini! Marudiano Celtic wakawanyuka 4-0, lakini hesabu ni hesabu: 5-4, Artmedia huyo mbele. Kisha wakatoa Partizan Belgrade kwa penalti.

Kwa makundi wakapangwa na Inter Milan, Porto na Rangers. Kila mtu alijua hao ni wa kuliwa. Septemba 2005 wakaenda Ureno kwa Porto, timu iliyokuwa bingwa wa Ulaya mwaka mmoja tu uliopita. Wakafungwa mbili za haraka. Halafu wakarudisha zote, wakaongeza ya tatu. Porto 2, Artmedia 3. Mwishowe walimaliza nafasi ya tatu na pointi 6, juu ya Porto, pointi moja tu chini ya Rangers waliopita.

Kutoka hapo jina lake lilishika. Akaenda Urusi kuongoza Saturn, akarudi Artmedia na kubeba ligi na kombe msimu wa 2007/08.

2010: Kijana wake benchi, Italia nyumbani

Julai 2008 akapewa timu ya taifa. Slovakia haikuwa imewahi kufika Kombe la Dunia tangu iwe nchi yake. Kundi la kufuzu lilikuwa na Wacheki, Poland, Slovenia na Ireland Kaskazini. Weiss akaenda hadi Prague akachapa Wacheki 2-1, halafu Oktoba 2009 akamaliza kazi Poland kwa 1-0, uwanja ukiwa mweupe kwa theluji. Bao lenyewe? La kujifunga, la Poland. Safari hii mpira uliamua kulipa deni la Tokyo.

Sasa Afrika Kusini. Kwa kikosi alimbeba kijana wake, miaka 20, winga aliyekuwa na mkataba na Manchester City. Unajua vile hii kitu huenda. Hata kwa timu ya mtaa, kocha akianzisha mtoto wake, watu wanaanza kunong'ona. Na kijana alianza mechi mbili za kwanza. Dhidi ya New Zealand waliongoza, wakasawazishiwa dakika za nyongeza, 1-1. Dhidi ya Paraguay wakalala 2-0. Pointi moja mkononi, mechi iliyobaki ni Italia, mabingwa watetezi.

Tarehe 24 Juni 2010, Ellis Park, Johannesburg. Orodha ya wachezaji ikatoka, na jina la Weiss mdogo halikuwa kwa wale kumi na mmoja wa kwanza. Buda alikuwa amemkalisha.

Róbert Vittek akafunga la kwanza dakika ya 25, la pili dakika ya 73. Di Natale akarudisha moja. Dakika ya 87 Weiss akamwingiza Kamil Kopúnek, na dakika mbili baadaye mpira wa kurusha ukamkuta Kopúnek amejitoma ndani ya boksi peke yake. 3-1! Quagliarella akapunguza, lakini hiyo ilikuwa 3-2 na kwisha. Italia mkia wa kundi. Miaka 20 baada ya kuchapwa Italia akiwa mchezaji, Weiss aliwafunga virago akiwa kocha. Kijana wake alimaliza dakika zote akiwa benchi, hakugusa mpira.

Mechi iliyofuata, dhidi ya Uholanzi, kijana akarudi kikosini. Slovakia ikalala 2-1, Robben na Sneijder wakifunga, na safari ikaishia hapo.

Georgia, halafu kurudi home

2012 kazi ya timu ya taifa iliisha. Akaenda Kairat ya Kazakhstan, akabeba kombe la huko 2014. 2016 akachukua Georgia, na mwaka huo huo wakachapa Hispania 1-0 kwa mechi ya kirafiki, ugenini. Novemba 2020 walibakisha mechi moja kufika Euro kwa mara ya kwanza, nyumbani Tbilisi. Goran Pandev wa North Macedonia akafunga bao moja, ndoto ikazima. Weiss akaondoka.

2021 akarudi Bratislava kuongoza Slovan. Ligi: 2022 bingwa, 2023 bingwa, 2024 bingwa, 2025 bingwa. Na kwa timu kulikuwa na nani? Kijana wake, sasa mzee wa kikosi.

Msimu wa 2024/25 Slovan ikaingia Champions League. Mechi ya kwanza ilikuwa Glasgow, kwa Celtic. Miaka 19 baada ya ile 5-0, Celtic wakalipiza: 5-1. Ya pili Manchester City, timu ya zamani ya kijana, wakaja Bratislava wakapiga nne bila. Slovan ilicheza mechi nane, ikapoteza nane. Pointi sufuri, nafasi ya 35 kati ya timu 36.

Wengine watasema ni aibu. Lakini ukiangalia vizuri, hii ndio ile stori ya Tokyo tena: ili mpira ukuumize kwa jukwaa kubwa hivyo, lazima kwanza ufike hapo. Kina Weiss wamefika, kizazi baada ya kizazi. Guka alifariki 2018, lakini jina bado liko uwanjani.

Sasa swali kwenu wasee: ungekuwa wewe, siku ya Italia, ungemkalisha kijana wako benchi?