Bayosimila za saratani ya damu: bei imeshuka, lakini jina moja halitoshi mpakani

Bayosimila ni dawa inayotengenezwa ili ifanane kwa karibu sana na dawa ya kibayolojia iliyotangulia sokoni. Kwa upande wa saratani za damu, inayotajwa zaidi ni rituksimabu, ambayo Roche iliingiza Ulaya mwaka 1998 kwa jina la MabThera.

Rituksimabu ni kingamwili. Hushika protini ya CD20 iliyo juu ya seli za B, zikiwemo zilizogeuka saratani, na kuzifanya ziangamizwe. Hutumika hasa kwa limfoma, yaani saratani ya mitoki. Utafiti wa wazee 399, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa baada ya miaka miwili asilimia 70 ya walioongezewa dawa hiyo kwenye tiba ya kawaida walikuwa hai, dhidi ya asilimia 57 ya waliopata tiba ya kawaida pekee. Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2015.

Tatizo ni gharama. Mtu mzima mwenye eneo la mwili la mita za mraba 1.8 huhitaji miligramu 675 kwa dozi, yaani kichupa kimoja cha miligramu 500 na viwili vya 100. Hurudia kila baada ya siku 21, kwa kawaida mara sita. Familia ikiishiwa fedha kwenye dozi ya tatu, mgonjwa hubaki na nusu ya tiba.

Ndiyo maana bayosimila zilipokelewa kwa hamu. Dr. Reddy's ya India ilitoa Reditux mwaka 2007. Ulaya iliidhinisha Truxima ya Celltrion ya Korea Kusini, kisha Rixathon ya Sandoz, zote mwaka 2017. Marekani ilifuata na Truxima Novemba 2018.

Hapa mwagizaji awe macho. Bayosimila si sawa na nakala ya Panadol. Hutengenezwa ndani ya seli hai, na viwanda viwili haviwezi kutoa kitu kilekile kwa asilimia mia. Kwa hiyo Ulaya hudai ulinganisho wa maabara na majaribio kwa wagonjwa. India ilitoa mwongozo wake wa dawa hizi mwaka 2012, miaka mitano baada ya Reditux. Hiyo haina maana kwamba dawa hiyo ni mbovu. Ina maana kwamba bei nafuu peke yake si jibu, na jalada la ulinganisho liombwe kabla ya kulipa.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza kuoanisha usajili wa dawa mwaka 2012, lakini kibali cha kuuza bado hutolewa na kila nchi. Shehena yenye usajili wa Kenya haiingii Tanzania au Uganda kwa karatasi hiyohiyo.

Halafu kuna joto. Vichupa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, wala havigandishwi. Lori likilala foleni mpakani na jokofu limezimwa, mzigo unaweza kuharibika. Barafu iliyogusa vichupa nayo huviharibu vilevile.

Hospitali nazo ziandike jina la biashara na namba ya toleo kwa kila mgonjwa, si neno "rituksimabu" tu, ili madhara yakitokea ijulikane ni dawa ya kiwanda gani. Kipimo cha homa ya ini aina ya B kifanywe kabla ya dripu ya kwanza, kwa kuwa dawa hii, ya awali au bayosimila, inaweza kuamsha virusi vilivyolala.