Mtoto Kuzaliwa na Mtoto wa Jicho: Chanzo Kilijulikanaje?

Uwe Ikonge au popote Kisii na Nyamira: mtoto akizaliwa na mboni nyeupe kama maziwa, nani hulaumiwa? Mama yake. Wengine hutaja laana.

Sasa sikia habari ya Sydney, Australia, mwaka wa 1941. Daktari wa macho Norman Gregg aliletewa watoto wachanga wenye mtoto wa jicho, wengi kupita kawaida. Inasimuliwa kwamba aliwasikia akina mama wakizungumza wakingojea zamu: walikuwa wameugua rubela wakiwa na mimba changa. Rubela, ule upele mdogo unaoisha kwa siku chache! Alikusanya habari za watoto 78, na karibu mama zao wote waliugua hivyo. Mwaka wa 1944 jarida la Lancet la London lilisema hajathibitisha. Kumbe alisema kweli. Virusi hupenya kondo la nyuma na kuharibu lenzi jicho likiumbwa, pamoja na moyo na masikio.

Kenya ilianza kuchanja rubela pamoja na surua mwaka wa 2016, mtoto akiwa na miezi 9, kisha 18. Si kila mtoto wa jicho huletwa na rubela. Wengine hurithi, na wengine chanzo hakionekani. Lakini usingoje mtoto akue ndipo apasuliwe, kwa maana jicho likikaa gizani, ubongo haujifunzi kuona. Tena weupe huo waweza kuwa saratani ya jicho. Mpeleke hospitali wiki hiyohiyo, na siku ya chanjo mwonyeshe muuguzi hata kama hajakuuliza.