Meza ya Dirishani

Mwaka wa 1972, katikati ya mwaka, niliambiwa nichukue daftari zangu nihamie darasa la nne. Mwalimu mkuu alitangaza kwenye paredi kwamba nimerushwa darasa, shule nzima ikanipigia makofi, na kabla ya saa nne nilikuwa mbele ya hesabu za kugawanya ambazo hakuna aliyewahi kunifundisha. Jioni kogo, nyanya yangu mzaa mama, akaniuliza huku akipepeta wimbi: "Na ukiyamaliza madarasa yote upesi hivyo, watakupa nini?"

Swali hilo nimekaa nalo miaka yote niliyoshika chaki. Huku kwetu Chepseon, kando ya barabara kuu ya Kericho kwenda Nakuru, mtoto mwenye kipaji alijulikana mapema sana. Alionekana kwa namba aliyoshika. Alichokosa ni kazi ya kumtosha. Alisahihisha daftari za wenzake. Aliandika majina ya wapiga kelele. Mwisho wa mwezi, mwalimu akienda mjini kufuata mshahara, alisimamishwa mbele ya darasa la kwanza awafundishe. Nilifanya hayo yote nikiwa na miaka kumi, na niliona fahari. Leo najua kwamba nilikuwa nafanya kazi ya mtu mzima, na yangu haikufanywa na yeyote.

Mtihani ndio uliotufunga. Kuanzia 1966 tulikuwa na CPE: karatasi tatu, Kiingereza, hesabu na ile ya maarifa ya jumla, penseli ya HB, jibu moja la kuchagua, alama 36 kwa aliyepata zote. Nafasi za sekondari zilikuwa chache, hivyo mtihani ulikuwa chekeche. Aliyemaliza karatasi ya mazoezi kwanza alipewa karatasi nyingine.

Wakati huohuo upepo mwingine ulikuwa unavuma. Warusi waliporusha Sputnik mwaka wa 1957, Marekani ilishtuka, na mwaka uliofuata ikapitisha sheria ya kutoa fedha za elimu, zikiwemo za kuwatafuta wanafunzi wenye vipaji. Kwao mtoto wa aina hiyo akaanza kutengewa darasa lake na shughuli zake. Sisi tulifikiwa kwa mlango wa pembeni. Katika miaka ya 1960 walimu na wataalamu wa Afrika, pamoja na kituo kimoja cha elimu cha Massachusetts, walianzisha mpango wa sayansi kwa shule za msingi za Afrika, Kenya ikiwemo. Haukuhitaji maabara. Vitabu vyake vidogo vilimtaka mtoto aulize vitu vyenyewe: mbu, maji, mchanga. Eleanor Duckworth, aliyekuja kuupima mpango huo hapa Kenya, hakuwatungia watoto maswali ya kuchagua. Aliwawekea vifaa mezani, akatazama wangevifanyia nini.

Kimoja kati ya vitabu hivyo kilimhusu yule mdudu anayechimba shimo kama faneli kwenye vumbi kavu, akajificha chini akingoja sisimizi ateleze. Nilikikuta kwenye maktaba ya chuo cha ualimu, jalada limeng'oka, nikakisoma nimesimama. Kila mtoto wa Chepseon amemchezea mdudu huyo chini ya paa la ghala. Hakuna aliyetuambia kwamba mchezo ule ni sayansi.

Nilipoanza kufundisha niliweka meza dirishani. Aliyemaliza kazi ya ubaoni alikwenda pale, lakini niligundua upesi kwamba hata wasiomaliza walikuwa na maswali mazuri, nikaacha kuwazuia. Wengine walileta risiti za kituo cha kununulia majani chai, wakapanga kilo za nyumbani kwao, wiki za mvua na wiki za kiangazi. Wengine walitega tangoch, vitendawili vyetu, na kutunga vipya. Msichana mmoja, mtoto wa wachuma chai, alimchukua yule mdudu. Aligundua mwenyewe kwamba hutembea kinyumenyume. Akapima kina cha mashimo kwa kijiti cha mchai, akalowesha vumbi upande mmoja wa boksi, akaona upande ule hauchimbwi.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoingia 1985 nilifurahi, kwa sababu ulileta sanaa na ufundi, kilimo na sayansikimu. Lakini mtihani wake, KCPE, ulikuja nao, na alama zikameza kila kitu. Wazazi walisema watoto wanacheza. Katika shule moja niliyofundisha niliagizwa niiondoe meza ili lipatikane dawati moja zaidi la mazoezi ya mtihani, nami nikatii. Natamani ningekataa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inawahesabu watoto wenye vipaji maalumu kati ya wenye mahitaji maalumu, na KCPE yenyewe ilifanywa mara ya mwisho 2023. Yule msichana hayo hayakumkuta.

Kadibodi aliyoandikia vipimo vyake ninayo. Ameichora mistari kwa rula: tarehe, idadi ya mashimo, kina, mvua imenyesha au haikunyesha. Siku kumi na moja zimejazwa kwa penseli. Ya kumi na mbili ameandika tarehe tu, kwa sababu asubuhi hiyo alikuta meza imetolewa.