Watoto wa Visiwa vya Sukari: Karibi Ilivyofika Kwenye Kisukari cha Vijana



Wengi wetu tukisikia kisukari, presha au ugonjwa wa moyo, tunafikiria maradhi ya wazee na watu wenye pesa. Leo tunakwenda mbali kidogo, kwenye visiwa vya bahari ya Karibi, ambako maradhi haya yasiyoambukiza yamewafikia hadi watoto wa shule. Tutatazama yalianzia wapi, na kwa nini watu wazima walichelewa kuwakinga watoto wao. Historia hii ina somo kwa kila nyumba yenye mtoto.

Chanzo: muwa

Waingereza walianza kuishi Barbados mwaka 1627. Katika miaka ya 1640 wakaanza kilimo cha miwa, na baada ya muda mfupi kisiwa karibu chote kikawa shamba la sukari. Kazi ilifanywa na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kwa kuwa ardhi nzuri ilikuwa ya miwa, chakula cha watumwa kililetwa kwa meli: unga, na samaki waliokaushwa kwa chumvi kutoka Amerika ya Kaskazini. Mwaka 1793 nahodha William Bligh alileta miche ya mishelisheli kutoka Tahiti hadi St Vincent na Jamaika, ili watumwa walishwe kwa gharama ndogo.

Utumwa ulifutwa mwaka 1834, na uhuru kamili ukaja mwaka 1838. Wenye mashamba wakatafuta vibarua wa mkataba kutoka India. Walifika Guyana mwaka 1838, na Trinidad mwaka 1845 kwa meli iliyoitwa Fatel Razack. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu, ambao vizazi vyao vingali huko hadi leo.

Tuzingatie jambo hili. Mazoea ya kula chumvi nyingi na sukari nyingi, na ya kutegemea chakula cha melini, hayakuanza kwa uvivu wala ulafi wa watu wale. Yalianza kwa sababu mtu aliyelima hakuwa na uamuzi juu ya kilicholimwa.

Kwanza ilikuwa njaa

Jambo la kushangaza ni kwamba maradhi ya watoto yaliyoiumiza Karibi kabla ya haya ni ya kukosa chakula. Daktari Cicely Williams, aliyezaliwa Jamaika mwaka 1893, ndiye aliyeufahamisha ulimwengu wa tiba kuhusu kwashakoo alipokuwa akifanya kazi Ghana. Jina hilo alilitangaza mwaka 1935, akilitoa katika lugha ya Kiga, likiwa na maana ya maradhi yanayompata mtoto pale mdogo wake anapozaliwa. Mwaka 1939, akiwa Singapore, alisimama hadharani kuyalaani makampuni yaliyokuwa yakiwashawishi akina mama wawape watoto wachanga maziwa ya kopo yenye sukari badala ya kuwanyonyesha.

Katika miaka ya 1950 Profesa John Waterlow alianzisha Jamaika kituo cha utafiti kilichotibu watoto wenye utapiamlo mkali. Njia za kuwalisha watoto hao taratibu, zilizofanyiwa kazi pale, ziliokoa maisha katika nchi nyingi maskini, zikiwemo za Afrika.

Kisha mambo yakageuka. Chanjo, maji safi na hospitali vilipunguza vifo vya watoto. Miji ikakua, utalii ukaja, magari yakawa mengi, na vyakula vya viwandani vikajaa madukani. Hadi karne hii, nchi kadhaa za Karibi zinaagiza nje zaidi ya asilimia 80 ya chakula chao. Watoto waliokuwa wakikonda wakapata wajukuu wanaougua kwa unene. Katika baadhi ya visiwa hivyo, takriban mtoto mmoja kati ya watatu wa shule ana uzito uliozidi.

Wataalamu wanaeleza kwamba hali hizi mbili zina uhusiano. Mtoto aliyekosa lishe tumboni au uchangani, kisha akanenepa haraka baadaye, yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari na presha. Mafuta yakizidi mwilini, insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri. Ndiyo maana kisukari cha aina ya pili, kilichokuwa cha watu wazima, sasa kinaonekana kwa vijana.

Viongozi wanaahidi

Mwaka 2001 wakuu wa Jumuiya ya Karibi (CARICOM) walikutana Nassau, Bahamas, wakatamka kuwa afya ya eneo lao ndiyo utajiri wao. Tume iliyoongozwa na Sir George Alleyne wa Barbados ikatoa ripoti mwaka 2005, ikionyesha jinsi maradhi sugu yanavyoua na kufilisi. Tarehe 15 Septemba 2007 viongozi hao wakakutana tena Port of Spain, Trinidad. Huo ulikuwa mkutano wa kwanza duniani wa wakuu wa serikali kuhusu maradhi haya. Waliahidi kupambana na tumbaku, kurudisha mazoezi ya viungo mashuleni, na kuwapa wanafunzi chakula bora.

Sauti ya visiwa hivi vidogo ilifika mbali. Ilichangia Umoja wa Mataifa kuitisha mkutano mkuu wa maradhi yasiyoambukiza mwezi Septemba 2011. Mwaka 2015 nchi zote, na zetu zikiwemo, zikakubali lengo la kupunguza kwa theluthi moja vifo vya mapema vya maradhi haya ifikapo mwaka 2030.

Mtoto aliyesubiri

Lakini ahadi ni deni. Tathmini iliyofanywa miaka kadhaa baadaye ilionyesha kuwa ahadi zilizohusu chakula na shule ni miongoni mwa zilizosuasua zaidi. Tumbaku ilikuwa na sheria za kimataifa za kuegemea. Soda na chipsi zina makampuni makubwa nyuma yake, na wapo wachuuzi wanaopata riziki yao mlangoni mwa shule.

Hatua zilikuja polepole. Barbados iliweka kodi ya asilimia 10 kwa vinywaji vyenye sukari mwaka 2015. Katika mwaka uliofuata mauzo ya vinywaji hivyo yalishuka kwa takriban asilimia 4, na ya maji ya chupa yakapanda. Trinidad na Tobago iliondoa vinywaji hivyo mashuleni mwaka 2017, na Jamaika ikaanza kuvidhibiti mashuleni mwaka 2019. Mwaka 2022 Barbados iliongeza kodi yake hadi asilimia 20, na mwaka 2023 ikazindua sera ya kitaifa ya lishe mashuleni.

Tupige hesabu. Mtoto wa Barbados aliyeanza shule mwaka 2007 akiwa na miaka 5, alikuwa na miaka 21 sera hiyo ilipozinduliwa. Utoto wake wote ulipita kati ya ahadi na utekelezaji.

Sisi na watoto wetu

Waswahili husema, samaki mkunje angali mbichi. Serikali ina wajibu wake, lakini mtoto hasubiri. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anayoipata mtu kutoka kwenye chakula kwa siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25. Soda moja ya kawaida ya mililita 350 ina karibu gramu 35, yaani vijiko vya chai tisa hivi. Kikombe cha chai bado hatujakihesabu.

Basi wazazi, tuulizeni kinachouzwa kwenye duka la shule na pale getini. Maji yawe ndiyo kinywaji cha mezani, na soda ibaki ya nadra. Watoto wapate angalau saa moja ya kukimbia na kucheza kila siku. Nanyi wanafunzi, msione haya kumkumbusha mwalimu mkuu kwamba kipindi cha michezo si cha kufidia hesabu.

Watu wa Karibi walilazimishwa kulima sukari, na sasa watoto wao wanailipia kwa miili yao. Sisi hatujalazimishwa na mtu. Tuanze leo, inshaallah, kabla watoto wetu hawajamaliza utoto wao wakitusubiri.