Bakuli la kutazamia

Bakuli la kutazamia ni chombo cha maji ambacho mganga hukitazama ili ajue chanzo cha ugonjwa, aliyeiba au mahali kilipo kitu kilichopotea. Katika pwani ya Kusini mwa Tanzania na bara yake huhesabiwa kuwa tawi la ramli. Neno hilo kwa Kiarabu ni mchanga, ila katika mazungumzo ya kila siku hubeba maji na kioo pia.

Namna ya kutazama

Bakuli jeupe la bati hupendelewa kwa kuwa maji yake huonekana hadi chini. Mteja hutoa fedha ya kufungulia mkoba, kisha huulizwa jina lake na la mama yake. Ubani huchomwa. Maji huachwa yatulie mpaka ukingo wa bakuli ujichore juu yake, na waliokaa mkekani hukatazwa kujitikisa. Mganga huinama, husema anaona njia, nyumba au mtu amegeuka mgongo. Mteja akichungulia huona dari na uso wake mwenyewe. Kila neno la mganga huitikiwa “taire”. Taire ya kinywa kizito na taire ya mtu aliyeshtuka hazifanani, na mganga hodari husikiliza hizo kwa makini kuliko anavyoyatazama maji.

Chiwata na uwanda wa Makonde

Chiwata, katika Wilaya ya Masasi, iko chini ya ukingo wa uwanda wa Makonde. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani aliyezuru Masasi na Newala mwaka 1906, alikuta juu ya uwanda hakuna mto. Kina mama waliteremka mabondeni na kupanda tena wakiwa na mitungi kichwani. Mradi wa maji wa Makonde ulianza miaka ya 1950. Kabla ya hapo, mahali pa namna hiyo, maji safi yaliyowekwa bakulini ili yatazamwe tu, bila kunywewa, yalikuwa sadaka kubwa.

Kwa Wayao wa eneo hilo, unga ndio uliotangulia bakuli. Katika mbepesi, yaani sadaka ya unga kwa mizimu, unga humiminwa polepole chini ya mti wa msolo hadi ufanye kichuguu chenye ncha, ukafunikwa usiku kucha. Asubuhi kichuguu kikiwa kizima, mizimu imeridhia safari. Kikiwa kimeporomoka, safari huahirishwa. Askofu Vincent Lucas, wa kwanza wa Masasi (1926), aliupa unyago wa wavulana sura ya Kikristo. Bakuli halikupata nafasi hiyo, ingawa Mwanzo 44 inataja kikombe cha fedha cha Yusufu cha kupigia ramli.

Katika miaka ya 1930 wapiga mchape, yaani wasaka wachawi, kutoka Nyasaland (sasa Malawi) waliwapanga watu mstari na kuwatazama kiooni ili kumtambua mchawi.

Kwingineko

Wavenda wa Afrika Kusini walikuwa na ndilo, bakuli la mti lililochongwa ukingoni, na mbegu zikielea majini. Katika mchezo wa Dungeons & Dragons (1974) mchawi huweza kutazama mbali kwa birika la maji matakatifu.

Sheria

Nchini Tanzania, Sheria ya Uchawi ya 1928 inakataza kumtaja mtu kuwa mchawi. Januari 2015, kufuatia mauaji ya kinyama ya watu wenye ualbino, Serikali ilipiga marufuku ramli chonganishi, yaani ramli inayowagombanisha watu.