Sheria ya Eklezia na Sheria ya Inchi: Mambo ya Ndoa katika Katanga

Wandugu, kuna ulizo moja linalorudi kila mara katika maparokia yetu ya Lubumbashi. Mume na muke walifunga ndoa mbele ya padri na mashahidi wawili, na majina yao yaliandikwa katika kitabu cha ndoa cha parokia. Halafu mume anakufa. Jamaa yake wanafika, wanachukua nyumba na vyombo, na wakati mwingine hata watoto. Mujane anakimbilia kwa padri na kusema: «Baba, si mbele yako tulifunga ndoa?» Padri anafungua kitabu: majina yako pale. Lakini kitabu kile, mbele ya tribinali ya inchi, hakina nguvu ya kumurudishia nyumba yake.

Kwa nini ni hivi? Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu cha kwanza, inasema kwamba Kongo ni dola isiyofungwa na dini yoyote. Je, katika inchi ya namna hii sheria ya dini ina nafasi gani? Kwa kujibu vizuri, tuangalie kwanza mambo yaliyotokea kwetu katika Katanga.

Wabelgiji walioleta sheria zao hapa walitoka katika inchi yenye Wakatoliki wengi. Hata hivyo katiba yao ya mwaka 1831 iliamuru kwamba ndoa ya serikali itangulie, baraka ya padri ifuate. Katika Kongo waliweka kitabu cha sheria kwa watu walioandikishwa chini ya sheria ya kizungu. Watu wengine wote, ndio karibu mababu zetu wote, waliachwa chini ya desturi zao. Kwa amri ya tarehe 15 Aprili 1926 tribinali za wenyeji zilipewa kazi ya kuwahukumu kwa kufuata desturi hizo.

Eklezia nayo ilikuwa na sheria yake. Tangu Mutaguso wa Trento, mwaka 1563, na zaidi tangu amri ya Papa Pio wa Kumi ya mwaka 1907, ndoa ya mukatoliki inafungwa mbele ya padri na mashahidi wawili. Basi mukristu mumoja alijikuta chini ya sheria mbili, na hizo mbili hazikuzungumza pamoja.

Jambo hili lilionekana wazi katika muji wetu, ulioitwa Elisabethville mpaka mwaka 1966. Wabenediktini walifika mwaka 1910, wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa Askofu mwaka 1932. Kazi ya Union Minière ilikusanya watu wa makabila mengi: Waluba, Walamba, Wabemba, Walunda na wengine. Mwaka ule ule wa 1932 siti ya watu weusi ilipata utawala wake na tribinali yake. Waamuzi hawakuuliza: «Mulipokea sakramenti?» Waliuliza: «Mali ya ndoa ilitolewa? Nani aliipokea?» Mali ikirudishwa, ndoa imekwisha. Mume alitoka pale akiwa huru mbele ya tribinali, lakini mbele ya Eklezia alikuwa bado mume wa muke yule yule. Tangu mwaka 1933 kulikuwa hapa Elisabethville gazeti la wanasheria juu ya tribinali za wenyeji na desturi. Mumoja wao, Antoine Sohier, alitumia miaka mingi akichunguza desturi hizo na mambo ya ndoa.

Wamisionari wengi waliona dawa moja: serikali itie mukono wake. Nayo ilikubali. Amri ya tarehe 5 Julai 1948 ililinda ndoa ya mume mumoja na muke mumoja. Amri ya tarehe 4 Aprili 1950 ilikataza kwamba, tangu tarehe 1 Januari 1951, mutu aliyefungwa na ndoa ya desturi afunge nyingine juu yake. Wengi walifurahi, wakisema kwamba sheria ya Injili imekuwa sheria ya inchi.

Hatuwacheki wale wazee wetu. Walitaka kulinda wanamuke na nyumba za wakristu, na nia yao ilikuwa njema. Lakini tuseme kweli: muke wa pili hakutoweka. Alijificha. Zamani alikuwa na jina, mali yake ilijulikana, na jamaa wa pande mbili walikuwa mashahidi. Sasa alikosa jina, naye na watoto wake wakaishi nje ya sheria. Leo katika muji wetu watu wanamwita «biro ya pili», na wanacheka. Amri ya serikali iliweza kuondoa neno katika kitabu. Haikuweza kugeuza moyo. Kazi ya kugeuza moyo ilibaki yetu, na pengine tuliilegeza kwa kuwa tulifikiri polisi ataifanya.

Kuna fundisho lingine, lililo kali zaidi. Serikali inayotia mukono wake kwa kusaidia Eklezia inaweza kuutia pia kwa kuikaba. Tarehe 31 Desemba 1971 sheria mupya ilichagua ni dini gani zinazoruhusiwa katika Zaire. Mwaka 1972 majina ya ubatizo yalikatazwa, na Kardinali Malula alilazimika kukaa Roma kwa muda. Chama cha Mobutu kilitaka kuingiza vijana wake hata ndani ya seminari. Mwaka 1974 Noeli iliacha kuwa sikukuu ya inchi, na masomo yetu yalichukuliwa; uongozi wake ulirudishiwa makanisa kwa mapatano ya mwaka 1977. Basi anayeomba leo kwamba serikali iwe fimbo ya Eklezia, akumbuke kwamba fimbo ile haikai siku zote katika mukono mumoja.

Kisha ikaja Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987. Hii ilifungua milango miwili: ndoa inayofungwa mbele ya mutumishi wa eta-sivili, na ndoa inayofungwa katika jamaa kwa desturi, halafu inaandikwa katika eta-sivili. Ndoa ya kanisa peke yake haikupewa mulango. Majirani zetu walichagua njia nyingine. Katika Tanzania, sheria ya ndoa ya mwaka 1971 inakubali kwamba kiongozi wa dini mwenye ruhusa afungishe ndoa yenye nguvu ya sheria. Katika Kenya, katiba ya mwaka 2010 imeacha tribinali za makadhi kwa Waislamu wanaokubali kuhukumiwa pale, katika mambo ya ndoa, talaka na urizi. Tunaona kwamba hakuna njia moja tu.

Mutu anaweza kusema: «Sheria ya Mungu iko juu. Kwa nini padri awatume watu wake komini?» Tunamujibu kwa sheria ya Eklezia yenyewe. Kanuni 1059 inasema kwamba ndoa ya Wakatoliki inafuata sheria ya Mungu na ya Eklezia, lakini matokeo yake ya kiraia ni kazi ya serikali. Kanuni 1071 inamukataza padri kusimamia, bila ruhusa ya Askofu, ndoa isiyoweza kukubaliwa na sheria ya inchi, isipokuwa katika lazima. Bwana wetu mwenyewe, alipoulizwa juu ya kodi, alitenga mambo ya Kaisari na mambo ya Mungu. Nyumba ya mujane, urizi wa watoto, karatasi za kuzaliwa: haya Kaisari ana wajibu wa kuyalinda. Lakini Kaisari akivunja ndoa kwa talaka, hawezi kufungua kifungo cha sakramenti. Kwa hilo Eklezia ina tribinali yake, na katiba, katika kifungu cha 22, inalinda uhuru wa dini. Mapatano ya mwaka 2016 kati ya Kiti Kitakatifu na Kongo yameimarisha uhuru wa Eklezia katika mambo yake.

Basi jibu letu ni hili: sheria ya dini ina nafasi yake katika inchi isiyofungwa na dini, nafasi ya uhuru, si nafasi ya fimbo. Inawafunga wale walioipokea kwa imani. Haiombi polisi. Lakini pia haina haki ya kumwacha mukristu bila ulinzi wa sheria ya inchi.

Kwa hiyo, ninyi makatekista, munapotayarisha wachumba, waulizeni mapema: jamaa wamepatana juu ya mali? Ndoa itaandikwa komini siku gani? Musingoje kesho ya Misa, maana baada ya sherehe ni wachache wanaorudi. Ninyi waseminari, someni Sheria ya Jamaa pamoja na Sheria ya Eklezia. Siku moja mujane atasimama mbele yenu na kuwauliza ulizo lile lile. Siku hiyo, karatasi ya komini iwe tayari mukononi mwake.